Rangi ya Mzee Kwenye Macho ya Mama

Mpendwa Baba Neema,

Salamu za huko uliko sijui zinaanzaje, kwa hiyo naanza na za huku. Hapa mtaani kwetu Shanwe ni wazima. Chumba chako cha nje nimempangisha mama mmoja anayeshona, na juzi alinijia analalamika kwamba ukutani kuna madoa hayafi kwa chokaa: moja la bluu, moja la waridi, moja la njano. Nimemwambia ayaache. Akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza kitu, kisha akaondoka na cherehani yake.

Nimetoka misa ya kwanza, chai iko mezani inapoa, na mimi nimechukua kalamu. Mwandiko utausamehe, unajua la saba yangu niliisomea wapi. Ni kwamba nimekuota tena. Huwa nakuota vilevile: umesimama dirishani, karatasi umeielekeza kwenye jua, jicho moja umelifumba, na mdomo unahesabu. Sikuoti ukizungumza. Kwenye ndoto nakuuliza, "Imekubali?" na wewe unainua kidole, maana yake subiri. Ninasubiri mpaka naamka.

Unakumbuka siku mashine ilipofika? Yule daktari wa zahanati ya Mwese alikuwa anarudi kwao Ulaya, na kwa sababu miaka yote ulimtengenezea jenereta na redio ya upepo bila kumsumbua, alikuachia kompyuta, printa, boksi la wino, na ile kamera iliyokuwa inameza diski kama redio inavyomeza kaseti. Uliteremka navyo kutoka milimani, umevifunga ndani ya godoro, na wewe mwenyewe umekaa juu ya godoro ukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Majirani walifikiri ni televisheni. Fundi seremala wa nyumba ya pili akaja na kiti chake kabisa.

"Mama Neema, mpira unaanza saa ngapi?"

"Hii haina mpira, fundi. Ina picha moja moja."

"Zinatembea?"

"Hazitembei."

Akabeba kiti chake akarudi nyumbani. Lakini jenereta lake ndilo lilitulisha. Jumamosi mchana akiwasha randa, na sisi tulivuta waya wetu kupitia dirishani, na wewe ulikuwa unafanya kazi kwa haraka kama mtu anayekinga maji ya mvua.

Picha ya kwanza ilikuwa yangu, nimevaa kitenge cha jumuiya. Kitenge kilitoka vizuri. Uso ulitoka wa majivu. Nikakuambia, "Baba Neema, huyu umemtoa wapi? Mbona kama amefufuliwa jana?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukasema kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka natabasamu peke yangu sokoni: "Mashine bado haijakufahamu."

Ukanieleza, mara tatu, maana mbili za kwanza sikuelewa. Kwamba kamera ina macho yake, kioo cha kompyuta kina macho yake, na printa nayo ina mkono wake, na kila mmoja anaposema nyekundu anamaanisha nyekundu yake. Kazi ni kuwapatanisha. Daktari alikuachia diski ya kitu ulichokiita profaili, yaani maelezo ya kuiambia printa kwamba karatasi hii inakunywa wino hivi, ile inakunywa vile. Lakini profaili zile zilikuwa za karatasi zake za kung'aa, na hizo ziliisha kabla ya Pasaka. Karatasi za madukani kwetu Mpanda zilikunywa wino kama shamba la kiangazi. Kila uso uliotoka ulikuwa umezama.

Ndipo ukaanza kutengeneza za kwako. Ulichapa karatasi nzima ya viraba vidogo vya rangi, kila kimoja na namba, ukaipeleka dirishani saa mbili asubuhi, kwa sababu ulisema rangi haisomwi kwa taa. Na pale dirishani ulikuwa umepanga mashahidi wako: chupa mbili za asali ambayo kaka yangu aliileta kutoka Ugalla, moja nyeusi na moja nyepesi, jani la tumbaku kavu, kipande cha tofali, ulezi kwenye kisahani. Ngozi zetu zote ulisema zimo humo. Mimi nilikuwa katikati ya asali nyeusi na tofali. Ulikishika kiraba, ukakisogeza kwenye chupa, ukarudi nyuma, ukaandika kwenye daftari: njano punguza mbili, waridi ongeza moja. Asubuhi zile zilikuwa na ukimya fulani. Jua linapita ndani ya asali, linaangukia mkono wako, na mkono wenyewe unakuwa wa asali. Nilikuwa nasimama mlangoni na ufagio nasahau kufagia.

Haya, sasa nifike kwa Mzee.

Baba yako alikuwa mlinzi wa ile zahanati, na alipougua tumbo alipakiwa kwenye treni kwenda Tabora akiwa anakaa mwenyewe, anaongea mwenyewe. Alimwambia mama ni siku tatu. Wewe ulikwenda naye. Mvua zilikata njia nyuma yenu, na alipofariki hapakuwa na namna ya kumrudisha, mkamzika hukohuko. Mama alibaki Mwese, na habari ilimfikia wakati Mzee ameshalala kaburini wiki nzima. Hakuaga mwili. Miaka arobaini kitanda kimoja, halafu usiione sura yake mara ya mwisho.

Ulipomleta mama kukaa kwetu, ndugu wote walikuwa wanangoja siku ya kuanua tanga ili msiba uishe watu warudi mashambani. Mama akakataa. Alisema hawezi kumaliza msiba wa mtu ambaye hajamuaga. Wazee wakaja, katekista akaja, akakataa. Na si kwa ukali. Alikuwa anasema polepole, kama anawaeleza watoto: "Bado namsubiri. Mtu unamsubiri, utaanuaje tanga lake?"

Ndipo wewe ukaikumbuka diski moja ya ile kamera. Siku yake ya mwisho Mwese, daktari alimpiga Mzee picha akiwa getini na koti lake, anacheka, pengo linaonekana. Ukamwambia mama. Nilikuwa nimekaa pale nikaona mikono yake ilivyosimama.

"Nichapie," alisema. "Nimuone mara moja. Nimuage. Halafu nitakaa kimya."

Picha ya kwanza ya Mzee mimi na wewe tuliishika pamoja, kila mtu upande wake. Alikuwa yeye. Koti lilikuwa koti, ngozi ilikuwa ngozi, asali nyeusi kabisa. Ukaipeleka kwa mama kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaigeuza kidogo.

"Huyu nani?"

"Si ni Mzee, mama."

"Mzee gani? Huyu mmempaka tope. Mume wangu alikuwa anang'aa. Huyu ni kama ukuta ulionyeshewa."

Hukubishana. Ulisema, "Ni profaili, mama, nitarekebisha," ukarudi chumbani. Jumamosi iliyofuata ukaongeza wekundu, ukidhani anataka joto kwenye ngozi. Mama akasema sasa tope limekauka. Jumamosi nyingine ukaongeza weusi. Akasema, "Huyu hayupo kabisa." Makopo ya wino aliyoacha daktari yalikuwa matano, yakawa mawili, likabaki moja. Ukamwagiza mtu wa treni akutafutie Tabora, akarudi akasema kila duka walimwuliza hicho ni kidude cha gari gani.

Sasa hapa, Baba Neema, ndipo ninapotaka kukuambia kitu. Nimekizunguka miaka yote.

Baada ya ile picha ya pili, mimi na mama tulikuwa uani tunachambua maharage. Yale ya njano tunayatenga na mekundu kwa ajili ya mbegu. Nikaona ungo wake. Alikuwa anayachanganya. Anachukua moja, analisogeza usoni, analiweka popote mkono ulipofika. Nikaegemea nikamtazama machoni kwenye mwanga, jambo ambalo sikuwahi kulithubutu, yeye akiwa mama mkwe wangu. Mboni zilikuwa zimefunikwa na utando kama maziwa yaliyolala. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mtu yule alikuwa anaiona dunia kupitia kitambaa cha kahawia, na sisi tunambadilishia karatasi.

Alihisi pumzi yangu. Akasema bila kuinua kichwa, "Mkamwana, ulichokiona kiishie hapa kwenye ungo."

"Mama, lakini Tabora kuna madaktari wanakitoa. Ni siku moja tu."

"Tabora?" Akaacha maharage. "Tabora hiyohiyo? Imemmeza mwenzangu, bado haijashiba?"

"Basi nimwambie tu Baba Neema, asihangaike na..."

"Ukimwambia, kesho nimefungwa kwenye treni kama mbuzi. Namjua mwanangu. Nyamaza."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Ningesema nini? Nililelewa hivyo. Mama mkwe akikuambia nyamaza, unanyamaza, na ukinyamaza unaona umefanya heshima.

Nikakaa na siri hiyo wiki nne. Wiki nne nikikuona unarudi kutoka kwa mama na karatasi mkononi. Nikikuona unachapa viraba usiku ukiwa huna hata umeme, yaani kichwani tu, mdomo unahesabu. Na ile Jumapili tunatoka kanisani ulinishika kiwiko ukanivuta pembeni, ukaniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako: "Mama hanisamehe. Nilimwacha Mwese nikaondoka na Mzee, nikarudi na kofia yake. Ndiyo maana kila picha anaikataa. Si picha anayoikataa." Mimi nilikuwa na dawa ya neno hilo mdomoni. Sikuitoa. Nilisema, "Tumwombe Mungu."

Na nilimwomba kweli. Nilishika rozari nikamwambia Mama Maria, wewe ulikuwa mkwe wa mtu, nifundishe namna ya kusema bila kusema. Sijui kama hiyo ni sala. Lakini siku ya tatu, nikiwa nakoroga ugali, likanijia. Nikakufuata nikakuambia, "Wewe unapima rangi kwa macho yako. Mwenye picha ni mama. Kwa nini usimpe yeye karatasi ya viraba achague?"

"Mama anajua nini habari ya viraba?"

"Anajua mumewe alivyokuwa."

Ukanitazama kidogo. Halafu ukaenda kuchukua karatasi.

Asubuhi ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka kitu alichokiona chini ya maji. Mama kwenye kigoda dirishani, khanga imemfunika kichwa, jua limekaa magotini mwake. Wewe umechuchumaa na penseli.

"Mama, hapa nionyeshe rangi ya maziwa."

Kidole chake kikatembea, kikatua kwenye bluu mpauko.

"Mama wee! Maziwa ya ng'ombe gani hayo?"

"Ya ng'ombe anayekula majani. Endelea, usinichezee."

Ukacheka. "Haya, shati la Mzee la kanisani, lile jeupe."

Kidole kikarudi palepale kwenye bluu. Cheko lako likaisha katikati. Ukauliza asali, ukauliza tofali, ukauliza ngozi ya Mzee asubuhi akitoka kuoga, na kila alipogusa, palikuwa mbali na ukweli kwa hatua zilezile, upande uleule. Nilikuona ukiandika, halafu penseli ikasimama. Ukainua macho ukanitazama juu ya kichwa chake. Sikuweza kuyakwepa.

Jikoni ukaniuliza kwa kunong'ona, "Tangu lini?"

Nikasema, "Hata mimi ndiyo naona leo."

Hilo ndilo. Hilo ndilo neno, Baba Neema. Sikulisema kwa sababu ya mama. Mama hakuwepo jikoni. Nililisema kwa sababu niliona haya, maana ungeuliza wino wote ule, na Jumapili ile, nilikuwa wapi.

Wewe wala hukuuliza zaidi. Hukumwambia mama kitu. Ulikwenda ukafungua daftari, na baada ya ukurasa ulioandikwa "Karatasi za daktari" na ule ulioandikwa "Karatasi za dukani", ukaandika juu ya ukurasa mpya: "Mama". Profaili ya macho ya mtu mmoja. Ukaondoa njano karibu yote, ukamimina bluu, ukapandisha mwanga, ukakata geti na koti ukaacha uso peke yake ujaze karatasi nzima. Kwenye kioo Mzee alionekana kama mtu anayekutazama kutoka ndani ya chandarua kipya. Ulikuwa umevunja kila kitu ulichojifunza dirishani.

Kopo lilikuwa moja, na halikujaa. Printa ikaanza kushusha mstari baada ya mstari, paji la uso, nyusi, na sisi tumepiga magoti mbele yake kama watu wa novena. Kwenye kidevu ikakwama, ikalia, ikaendelea. Seremala alikuja kuuliza kama tumemaliza azime jenereta, akachungulia.

"Baba Neema, huyo ni Mzee au ni chupa ya wino?"

"Nyamaza wewe. Haikuchapwa kwa ajili yako."

Hukumpa mama siku hiyo. Ulingoja saa mbili ya asubuhi. Mama akaipokea akiwa amekaa palepale, akainyoosha mikono kama mwenye kusoma gazeti. Picha ilikuwa ya kutisha, nikuambie ukweli. Kwa jinsi ulivyoikuza, karibu ilikuwa viraba vitupu, na bluu yake ingemfanya mtoto alie. Kuku wakapita. Mimi nikaanza kusema Salamu Maria kimoyomoyo nikakosea maneno.

Halafu mama akasema, "Eee."

Kisha: "Umekonda."

Hakuwa anaongea na sisi. Tulirudi nyuma, wewe mgongo ukagonga ukuta. Akaendelea, mara Kiswahili, mara lugha ya kwenu, na sauti haikuwa ya kilio, ilikuwa sauti ya mke aliyesubirishwa na mumewe mlangoni. "Ulisema siku tatu. Nikaacha mahindi shambani, nikasema akija tutavuna pamoja, nguruwe pori wakavuna. Na ufunguo wa sanduku uliondoka nao, unajua? Nimevunja. Nimevunja kufuli zima kwa shoka." Akalisogeza karibu lile pengo, akacheka kidogo. "Na bado unachekacheka nalo. Hukuona hata haya mbele ya mzungu."

Jua lilikuwa limepanda kutoka magotini hadi kwenye karatasi. Akaifuta kwa khanga, kutoka juu kwenda chini, kama unavyomfuta mtu uso.

"Haya. Nenda, baba. Mimi nipo kwa mwanao, wananilisha. Nenda salama."

Akakurudishia picha. Akaomba maji, akanawa, akasema wazee waitwe Jumamosi, tanga lianuliwe. Wewe ulitoka nje. Nilikukuta nyuma ya choo umeweka paji la uso kwenye ukuta, mabega yanacheza, na ulichosema ni hiki tu: "Hakuwa amenikasirikia."

Baadaye ulimwambia mama, mara moja, kwa upole kabisa, kwamba Tabora wanatibu macho. Alisema hapana. Na wewe ukaiheshimu hapana yake, hukumfunga kwenye treni, hukulirudia tena neno hilo. Kabla ya mavuno yaliyofuata macho yalifunga moja kwa moja, na hukumlaumu. Hicho ndicho kinachonichoma zaidi ya uongo wenyewe. Mimi na mama tulikuogopa bure. Tulikaa na ungo wa maharage katikati yetu tukakuhukumu kuwa mtu wa nguvu, na wewe hukuwa hivyo hata siku moja.

Nimeungama. Padri amenipa kitubio chepesi, nikaona aibu kwa jinsi kilivyokuwa chepesi. Mungu amesikia, najua. Lakini si Yeye niliyemdanganya pale jikoni, ni wewe, na wewe umekwenda ukiwa unaamini kwamba sote wawili tuliona siku moja. Ulikuwa unapenda kulisimulia hivyo kwa wageni: "Mimi na Mama Neema tuliona papo hapo." Nami nilikuwa naongeza sukari kwenye vikombe vyao.

Sikuona papo hapo. Niliona wiki nne kabla, nikakuacha peke yako na lile wazo kwamba mama yako hakutaki. Nisamehe.

Na usije ukadhani, kwa kuwa nimesema haya, nakuchukulia kazi yako. Mimi nilijua tu. Kujua kwangu hakukumsaidia mama hata kwa kijiko. Wewe hukujua, na bado uliendelea kurudi dirishani kila Jumamosi, umekataliwa na mama yako mzazi, ukiwa na daftari. Mzee aliagwa kwa mkono wako.

Chai imeshapoa kabisa. Nitaipasha nimpelekee na yule mama wa cherehani, leo Jumapili hashoni, amekaa mwenyewe. Pumzika, Baba Neema. Usiku ukinijia tena na karatasi yako, usiinue kidole. Sema nami kidogo, hata kama ni kunigombeza.

Mkeo asiyekuficha kitu tena,
Mama Neema